Msitu wa Ssese Ulikuwa Mashamba ya Watu

Mwanafunzi wangu mmoja alirudi kutoka Visiwa vya Ssese akaandika katika insha yake kwamba huko ni pori "ambalo halijawahi kuguswa na binadamu". Sikumkata alama, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini sentensi hiyo haikunitoka kichwani.

Nawe ukitaka kwenda, toka Bwaise asubuhi uelekee Entebbe hadi gati la Nakiwogo. Meli ya MV Kalangala huondoka saa nane mchana, na baada ya saa tatu na nusu hivi hutia nanga Lutoboka, katika kisiwa cha Bugala. Visiwa vyote ni 84. Utaona miti mirefu iliyoshuka hadi majini, tumbili, na ndege wasiohesabika. Ni rahisi kuamini kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Sivyo. Kabla ya ukoloni Wasese walikuwa wakulima, wavuvi na mafundi wa mitumbwi waliotegemewa na makabaka wa Buganda kwa majeshi ya ziwani. Katika kisiwa cha Bubembe kulikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, ambalo hata wafalme walilipelekea sadaka.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale, ambao Waganda waliuita mongoota. Madaktari ndugu Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo waliutambua mwaka 1901, na miaka miwili baadaye ikabainika kwamba huenezwa na mbung'o. Kati ya mwaka 1900 na 1920 inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Busoga, mwambao wa Buganda na visiwani.

Mwaka 1906 alifika Bugala mtu mashuhuri, Robert Koch wa Ujerumani, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla. Wagonjwa walimiminika kambini kwake kwa mamia. Aliwadunga atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoona haiwaponyi akaongeza kipimo. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, wala hawakurudishiwa macho yao. Vitabu vingi humsifu Koch kwa kifua kikuu na kipindupindu, na anastahili. Ila sijaona kitabu cha darasani kinachowataja vipofu wa Bugala.

Gavana Hesketh Bell naye aliamua kuwatenga watu na mbung'o. Mwambao ulihamwa kwanza, na kufikia mwaka 1909 zamu ya Ssese ikafika. Waliosalia walipakiwa mitumbwini wakapelekwa bara, wakaacha migomba, nyumba na makaburi. Tuwe waadilifu hapa: dawa ya kuponya haikuwapo, na aliyebaki ufukweni alikuwa akingoja kifo. Huenda uamuzi ule uliokoa maisha mengi. Hata hivyo, uliafikiwa kati ya gavana na wakuu wa Buganda. Mvuvi wa Bugala hakuwa na kiti katika kikao hicho.

Mashamba yaliyoachwa yakameza magugu, magugu yakamezwa na miti. Nzohe, swala wa majini ambao Waganda huwaita enjobe, waliongezeka kwa kukosa wawindaji. Daktari Hale Carpenter, aliyetumwa visiwani humo kuchunguza mbung'o, alikuta wadudu hao wangali na vijidudu vya malale miaka kadhaa baada ya watu kuondoka, na nzohe wakashukiwa kuvihifadhi.

Ruhusa ya kurudi ilitolewa mnamo mwaka 1920. Waliorudi walikuwa wachache. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wameota mizizi bara. Tangu mwanzoni mwa karne hii sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imekatwa ili kupanda michikichi ya mafuta, na wanaoutetea msitu huo huuita wa asili.

Sisi tunaoishi ukingoni mwa Lubigi tunaijua lugha ya "ondokeni kwa usalama wenu". Mwaka 2024 nyumba nyingi zilibomolewa katika kinamasi hicho, na sababu iliyotolewa, ya kulinda maji, haikuwa ya uongo. Walioondolewa walikuwa na swali lilelile la Wasese: tuende wapi, na nani atakumbuka kwamba tulikuwa hapa?

Ukifika Bugala, basi, ukakuta mtuba mzee, ule mti wa magome ya nguo, umesimama peke yake katikati ya pori, mwulize mzee wa hapo ulikuwa uani kwa nani.