Ziara ya Jumba la Nommo, na Historia Iliyo Nyuma ya Picha

Mwaka jana nilimpelekea mkuu wa shule ombi la kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu katika Jumba la Sanaa la Taifa, Kampala. Aliisoma karatasi yangu kwa utulivu, kisha akanirudishia, akasema, "Mwalimu, picha hazimo katika mtihani wa Kiswahili." Hakusema kwa ubaya. Nauli ya basi ni fedha, na fedha za shule zina wenyewe wengi. Basi tukachangishana, mimi na wazazi kadhaa na mwalimu mwenzangu wa historia, tukaenda siku ya Jumamosi na wanafunzi thelathini na mmoja. Nayaandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu ambao huenda nao wamewahi kujibiwa hivyo.

Jumba lenyewe huitwa Nommo. Lilifunguliwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, nalo liko kwenye kilima cha Nakasero, chini ya usimamizi wa taasisi ile ile ya utamaduni inayouendesha Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza uliofunguliwa mwaka 1959. Neno Nommo, kwa Wadogon wa Mali, ni jina la mizimu ya asili inayohusishwa na maji na pia na neno litamkwalo. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina kama hilo bila kusimama.

Tulipofika mlangoni mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, haya ndiyo makumbusho?" Nikamwambia sivyo. Makumbusho hukumbusha, huko huhifadhiwa ngoma, mikuki na vyungu vya mababu. Hapa ni mahali pa maonyesho, na kazi nyingi tutakazoziona zimefanywa na watu walio hai, ambao huenda tukakutana nao njiani tukirudi. Akauliza tena, "Sasa pahali hapa paitweje kwa Kiswahili?" Nilijibu "jumba la sanaa", na ndilo jibu ninaloliamini. Dar es Salaam walikuwa na Nyumba ya Sanaa tangu mwaka 1972, na jina hilo lilizoeleka vinywani mwa watu pasi na kamati yoyote kulipitisha.

Nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa picha zilizo ukutani Nakasero hazikuzuka peke yake. Mwanzo wake ni Makerere, katika miaka ya mwisho ya 1930, na aliyeuanzisha ni Mwingereza, Margaret Trowell. Mumewe alikuwa daktari. Walifika Afrika ya Mashariki mwaka 1929, wakakaa kwanza Kenya, kisha wakahamia Uganda mwaka 1935. Bibi huyu alianza kufundisha uchoraji barazani kwa nyumba yake. Hakuwapa wanafunzi picha za kuiga. Aliwasimulia habari, nao wakaiona kwa macho ya ndani na kuichora. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Kutokana na baraza ile kikatokea chuo cha sanaa ambacho mpaka leo kinalichukua jina lake.

Bi Trowell aliogopa kwamba Mwafrika akionyeshwa sana picha za Ulaya atapoteza macho yake mwenyewe. Alipostaafu mwaka 1958, aliyemrithi, Cecil Todd, alishika njia nyingine: aliwafundisha vijana historia ya sanaa ya Ulaya na elimu ya rangi, akiamini kwamba msanii ni msanii popote alipo. Sisi walimu wa Kiswahili tunaujua ugomvi huu. Ni ule ule wa msamiati, tukope au tubuni? Kwa upande wangu naona Todd alikuwa karibu zaidi na haki. Anayezuiwa kuona kazi za wengine kwa hoja ya kulindwa uasili wake hakulindwa, amefungiwa. Lakini ni lazima nikiri pia kuwa wanafunzi waliopata sifa kubwa zaidi ni wale waliopita katika mikono ya Trowell.

Nao ni akina nani? Hapa ndipo wanafunzi wangu waliposhangaa, maana walidhani sanaa ya Uganda ilijengwa na wana wa Uganda pekee. Gregory Maloba alizaliwa Mumias, Kenya, mwaka 1922. Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Elimo Njau naye ni wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932. Wote watatu walisoma Makerere, na Maloba na Ntiro wakabaki kufundisha hapo hapo.

Ntiro alichora maisha ya kijiji: watu wanaolima, wanaovuna, wanaochimba mfereji, na migomba iliyosongamana hata nafasi ya anga huwa haba. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo imo leo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ilimteua mchoraji huyu kuwa Balozi wake wa kwanza Uingereza. Ni serikali chache zilizompa mchoraji kazi kama hiyo.

Njau alichora kuta za kanisa kuu la Murang'a mwaka 1959, akamweka Kristo katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu, kati ya watu waliokuwa wametoka juzi tu katika vita vya Mau Mau. Mwaka 1965, pamoja na wenzake, alianzisha Nairobi jumba la sanaa lililoitwa Paa ya Paa. Niliwaandikia wanafunzi jina hilo ubaoni siku moja kabla ya safari na kuwauliza kosa liko wapi. Mikono ikainuka upesi: paa ni mnyama, mnyama ni wa ngeli ya a-wa, basi iwe "paa apaa" au "paa anapaa". Ni kweli. Lakini aliyelitunga jina alitaka mnyama na mruko wake visikike kwa sauti moja, nalo limedumu kuliko sarufi yetu. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya mali ya jumba hilo mwaka 1997. Hata hivyo halikufa.

Miaka ya 1970 haina mengi ya kusimuliwa kwa furaha. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971. Wanunuzi wa picha wakatoweka, wasanii wengi wakakimbilia Nairobi, miongoni mwao Theresa Musoke, aliyeishi na kufanya kazi huko kwa miaka mingi. Mwaka 1973 Amin akatangaza kuwa Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Sijui kama lugha yetu imewahi kupewa cheo na mkono mbaya kuliko ule. Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wangu, alinijia kabla ya safari akanieleza kwa Kiganda kwa nini hapendi bintiye asome somo hili. "Mwalimu," alisema, "lugha hiyo naijua. Ndiyo iliyotushusha kwenye basi." Alikusudia vizuizi vya barabarani na askari waliowahoji abiria kwa Kiswahili. Nilikuwa na majibu: kwamba mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe katika shule zote. Sikumjibu hivyo. Nilimwomba amruhusu binti aende kutazama picha tu, naye akaruhusu.

Nilipokuwa nasomea stashahada niliwahi kusimama katika maktaba kuu ya Makerere mbele ya sanamu ya Francis Nnaggenda iitwayo Majeruhi wa Vita, iliyochongwa katika miaka ya 1980 kutokana na mti mkubwa. Mwili umekatwa viungo, na bado umesimama. Nilipomsikiliza mzee yule niliikumbuka.

Ndani ya Nommo siku hiyo palikuwa na kazi za vijana. Nilijiandaa kwa msamiati wa picha za kawaida: turubai, fremu, rangi za mafuta, rangi za maji. Nilijiandaa bure, kwa kuwa kazi nyingi hazikuwa za rangi. Palikuwa na nguo ya magome ya mti, ile iitwayo lubugo, iliyoshonwa vipande na kutobolewa. Palikuwa na mikeka iliyokunjwa na kuning'inizwa kama mawingu. Njia hii imekwisha kujulikana mbali. Mwaka 2022 Uganda ilipokuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Venice, Acaye Kerunen alipeleka kazi zilizotokana na ususi wa wanawake wa vijijini, akiwa pamoja na Collin Sekajugo, na banda likatajwa kwa heshima na waamuzi. Mwaka 2024 alikuwamo Sanaa Gateja, ambaye hutengeneza shanga za karatasi zilizotumika na kuzipanga juu ya nguo ya magome. Jina lake liliwachekesha wanafunzi kwa furaha.

Mbele ya mikeka ile nikagundua kwamba tulikuwa matajiri. Kwa picha ya turubai Kiswahili huombaomba maneno, lakini kwa ususi kina ghala zima. Nikawapa: chane ni majani yaliyopasuliwa tayari kwa kusukwa, ukili ni ule ukanda mrefu uliosukwa, ambao hushonwa ukawa mkeka, jamvi ni la kutandika chini, msala ni wa kusalia, kawa ni la kufunikia chakula. Mwanafunzi mmoja ambaye bibi yake husuka alisogea karibu, akahesabu kili kwa kidole bila kuzigusa, akatuonyesha mahali msanii alipoacha makusudi kuzishona. Hakuna aliyekuwa ameliona pengo lile, hata mimi.

Tukirudi tulishuka barabara ya Speke kuitazama Sanamu ya Uhuru, kazi ya Maloba ya mwaka 1962. Mama amesimama, amezungushiwa vitambaa mwili mzima, amemwinua mtoto juu, na mtoto amenyoosha mikono mbinguni. Niliwaambia wanafunzi waandike sentensi tano kuieleza, na shida ikawa ni neno moja: vitambaa vile viitweje? Mmoja aliandika "bandeji", kwa kuwa nchi ilikuwa imeumia. Mwingine akaandika "kamba", maana ndivyo wengi huisoma sanamu hii, kwamba ni vifungo vya ukoloni vinavyofunguka. Mvulana mmoja aliandika "sanda", wenzake wakamzomea. Nikawanyamazisha, kwa sababu neno alilijua na maana yake aliijua.

Binti wa yule mzee aliandika "mbeleko". Nikamwuliza mbona mbeleko imezunguka mwili wote wa mama, ilhali mtoto yuko juu mikononi? Akajibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno, "Mwalimu, ndiyo kwanza amemtoa mgongoni. Bado hajaikunja."

Nimelibandika daftari lake wazi ukutani darasani. Maksi sikuandika, nikamwacha mkuu wa shule alisome mwenyewe alipopita. Alilisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza nauli ya muhula ujao itakuwa kiasi gani.