Mahakama ya Wilaya na Haki ya Mtu Kuomba Uhuru Wake

Wengi wasomao habari za Unguja hudhani ya kuwa utumwa ulikwisha kwa siku moja. Haikuwa hivyo. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, zama za Seyyid Barghash, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu. Walakini kufunga soko si kumfungua mtu. Mwaka 1890 Seyyid Ali bin Said alipiga marufuku kuuza na kununua watumwa, akaruhusu mtumwa kujikomboa kwa mali yake, na kumshitakia mtu kwa kadhi kama raia wengine. Siku chache baadaye ruhusa ya kujikomboa ikapunguzwa nguvu, kwa kuwa bwana hakulazimishwa tena kuipokea fedha ya mtumwa wake.

Sheria tunayotaka kuieleza ni ile ya Seyyid Hamoud bin Muhammed, iliyotolewa tarehe 6 Aprili 1897, mwezi wa Dhulkaada 1314. Ajabu yake ni kwamba haikusema, "Watumwa wote ni huru." Ilisema ya kuwa tangu siku ile Mahakama ya Wilaya haitamsaidia mtu yeyote kudai mwili, kazi wala mali ya mwenziwe kwa hoja kwamba ni mtumwa wake. Bassi, bwana alinyang'anywa mkono wa sheria, naye akapewa haki ya kudai fidia kwa serikali. Mtumwa hakupewa fidia. Alipewa mlango: aende mwenyewe mbele ya mahakama aseme, naye ataandikiwa uhuru wake. Asiyekwenda alibaki alivyokuwa. Haki iliwekwa kinywani mwa mtu ambaye tangu kuzaliwa amefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa.

Wala hakuambiwa habari ya haki peke yake. Sheria ile ile ilimtaka aliyeandikwa huru atoe kodi, au shokoa, au malipo badala yake, kadiri serikali itakavyoagiza. Tena aonyeshe ya kuwa ana makazi na njia ya riziki, asije akahesabiwa mhuni. Na akikaa katika shamba la mtu, alipe kwa mapatano yaliyofanywa mbele ya mahakama. Msomaji aliangalie neno shokoa. Wenye kufundisha watoto wetu maneno ya sasa, haki na wajibu, wakumbuke ya kuwa kwa wazee hawa wajibu wa kwanza wa mtu huru ulikuja kwa jina la kazi isiyo na ujira. Na mhuni, ambaye leo twamtaja kwa ubaya wa tabia, katika Kiswahili cha zamani alikuwa hasa mtu wa kutangatanga, asiye na kwao. Mtu aliyetolewa Nyasa au Manyema akiwa mtoto angeonyesha kwao wapi?

Masuria waliachwa nje. Walihesabiwa kama wake wa nyumbani, wasiweze kutoka ila kwa kuthibitisha ukatili. Sisi twaona hapo ndipo sheria ilipoogopa. Nao hawakupata haki sawa na wengine hata sheria ya mwaka 1909, zama za Seyyid Ali bin Hamoud.

Waliowekwa kuangalia kazi hii walikuwa watu tuwajuao katika habari za misheni: Bw. J. T. Last, aliyekuwa zamani Mamboya, kwa Unguja. Na Padre J. P. Farler, aliyekuwa Magila, kwa Pemba. Huko Pemba Marafiki, wanaoitwa Quaker, waliwaeleza watumwa sheria na kuwasaidia kuidai. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Wengine walipatana na mabwana zao, wakafanya kazi siku chache katika juma na kupata kiwanja cha kulima. Wengine waliondoka tu, pasipo hati.

Wengi wa walioondoka mashamba walikuja Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe, mahali palipo mitaa kama Jang'ombe. Walijenga vibanda vya miti na udongo, na kibanda kilikuwa mali ya mjenzi, ingawa ardhi ni ya mwingine au ya wakfu. Kodi ya ardhi ilipopandishwa, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa. Wenye ardhi wakaenda mahakamani, watu wakahukumiwa, na umati ukaenda gerezani kuwatoa waliofungwa. Mwaka ule ule serikali ikatoa sheria ya kuizuia kodi ya ardhi isipandishwe kwa kupenda. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo wazee waliozaliwa utumwani na watoto wao. Na safari hii hawakungoja kuitwa mmoja mmoja mbele ya meza ya hakimu.

Ardhi yenyewe ilikuja kuwa ya serikali mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na kodi ile ya ardhi ikaondoka pamoja na wenyewe.