Ujuzi Unaobebeka: Utarajali, Uanagenzi na Swali la Nani Anafundisha

Fundi, mwanafunzi, mafunzo na kufunda ni maneno ya ukoo mmoja. Anayeijua kazi na anayejifunza kazi wamefungwa kwa shina lilelile, kana kwamba wazee wa lugha walikataa kumfikiria mmoja bila mwenzake. Mijadala yetu ya ajira imeusahau ukoo huo. Kila penye lalamiko kwamba wahitimu hawana uzoefu, tiba inayotajwa ni kuongeza utarajali: miezi mitatu, sita, mwaka. Nina mashaka na hesabu hii ya miezi. Kijana hujengwa kwa kupewa kazi ambazo uzito wake unapanda hatua kwa hatua, chini ya jicho la mtu mwenye wajibu wa kumfundisha, kisha akaondoka na ujuzi ambao mwajiri wa pili ataweza kuutambua. Yakikosekana hayo, hata mwaka mzima wa kushinda ofisini utampita bure.

Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, na aliyoyaona hayatakuwa mageni kwa yeyote aliyewahi kukaa barazani kwa fundi wa nguo Kariakoo au Mombasa. Mwanagenzi hakuanzia mwanzo wa vazi, alianzia mwisho wake: kutia vifungo, kupinda pindo. Baadaye ndipo aliposhona vipande. Kukata kitambaa, ambako ndiko hatua ya kwanza ya kutengeneza nguo, kulikuja mwisho kabisa. Sababu moja ni ya gharama. Kifungo kilichokaa upande hufumuliwa kwa dakika moja, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ndiyo kimekwisha, na mteja anadai. Kuna faida nyingine isiyoonekana upesi. Kijana anayeshika vazi lililokaribia kukamilika kila siku hujua mapema kila kipande kinakwenda wapi, na siku atakapokabidhiwa mkasi atakata akiwa na umbo zima kichwani. Hakuna aliyeketi akauandika mtaala huo, lakini ni mtaala, tena una mpangilio kuliko ratiba nyingi za utarajali zinazoandikwa maofisini.

Linganisha na wiki nane hivi ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania hupewa kwa mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama wenyewe wanavyoiita. Serikali hata hukopesha fedha za kipindi hicho kupitia Bodi ya Mikopo. Mwanafunzi hufika na barua yake, huonyeshwa kiti karibu na mlango, na asipopata wa kumshika mkono atamaliza muda wake akipanga majalada na kutoa nakala. Ripoti ataiandika, na muhuri utagongwa. Simlaumu ofisa aliyempokea. Kazi zake ziko palepale, hakuna aliyempunguzia hata moja, na cheo chake hakipandi kwa kumfundisha mgeni wa wiki nane.

Madaktari watarajali wako katika hali nyingine. Baada ya miaka mitano ya shahada, mhitimu wa udaktari hutumikia mwaka mzima hospitalini akizunguka idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Hapati usajili kamili kabla ya kuthibitishwa kwamba amezipitia. Msimamizi naye ana la kupoteza, kwa sababu mgonjwa aliyelala pale kitandani ni wake. Ndiyo maana husimama nyuma ya kijana anaposhona jeraha lake la kwanza. Kwa maoni yangu, wajibu huo wa pande mbili ndio unaoufanya mwaka wa utarajali wa tiba uzae daktari, kuliko urefu wa mwaka wenyewe.

Jina la utarajali linaweza pia kufunika jambo lingine kabisa. Nchini Kenya, walimu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa walipelekwa katika shule za sekondari msingi wakiitwa wanagenzi, yaani watarajali, kwa posho ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, huku wakibeba vipindi sawa na wenzao walioajiriwa. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali. Wakati uleule madaktari wa nchi hiyo walikuwa katika mgomo uliodumu siku 56, na kiini chake kimojawapo kilikuwa malipo ya wanagenzi wa tiba: makubaliano ya mwaka 2017 yalitaja takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikataka kulipa 70,000. Mambo haya mawili hayafanani. Daktari mwanagenzi anafundishwa kweli, na ugomvi ulikuwa juu ya thamani ya jasho lake. Kwa walimu swali lilikuwa zito zaidi: darasani walikuwa peke yao, nani alikuwa anawafundisha?

Mwajiri naye ana hoja, na haifai kuipuuza. Mwanauchumi Gary Becker aliieleza mwaka 1964: ujuzi unaotumika popote humfaidi mfanyakazi hata anapohama, kwa hiyo mwajiri hana sababu ya kuugharamia; atagharamia ule unaofaa kwake tu. Mwenye gereji anayemfundisha kijana kutafuta hitilafu za umeme katika gari la aina yoyote anamwandaa mshindani wa mtaa wa pili.

Utafiti uliofanywa Uganda na Livia Alfonsi, Oriana Bandiera na wenzao, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Econometrica, unatuonyesha gharama ya jambo hili kwa kijana. Vijana waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi sita, wengine wakafundishwa kazini na biashara ndogo zilizopewa ruzuku, na wengine hawakupewa chochote. Wote waliofundishwa walipata nafuu ya ajira na kipato. Waliofundishwa kazini walitangulia kufaidi, lakini faida yao ikafifia kadiri muda ulivyopita. Wa vyuoni, wakiwa na vyeti mkononi, walipoachishwa kazi walipata nyingine upesi zaidi, na nafuu yao ikadumu. Wapo watakaoyasoma matokeo haya kuwa ni ushindi wa darasa dhidi ya karakana. Inawezekana kweli vyuo vilifundisha kwa upana zaidi, na hilo silikatai. Lakini kijana wa karakana alikuwa pia na ujuzi ambao hakuna aliyeweza kuuona isipokuwa bosi wake. Alipotoka mlangoni, aliuacha nyuma.

Kwa Tanzania, njia ya kuliziba pengo hilo ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti. Mwashi, mpishi au fundi magari halazimiki kurudi darasani kuanza moja. Fedha nazo zinakusanywa, kupitia Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Ila sehemu kubwa ya tozo hiyo imekuwa ikipelekwa kwenye mikopo ya elimu ya juu, na waajiri wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka. Tena, kwa kuwa inatozwa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, fundi cherehani mwenye vijana watatu barazani hailipi, na kwa kawaida haimfikii, ingawa anafundisha kila siku.

Ningependa sehemu ya fedha hizo alipwe yeye, siku mwanagenzi wake anapofaulu kupimwa. Ukimlipa siku ya kumpokea kijana, utapata majina kwenye orodha. Ukimlipa kijana anapofaulu, atakuwa na sababu ya kumkabidhi mkasi mapema. Na cheti kitaje kazi zenyewe: amekata suruali, ameweka kola, ametia zipu. Chini yake liandikwe jina la fundi aliyemfundisha, pamoja na namba ya simu, ili mwajiri wa pili ajue wa kumuuliza.