Kwa Nini Bibi Aliambiwa Vingine

Leo nazungumza nawe mama mjamzito, na wewe bibi uliyekaa karibu naye ukiwa tayari na mpango wa uji.

Najua mnabishana. Binti ametoka kliniki akiambiwa maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, hata maji hapana. Bibi anajibu: mimi muuguzi aliniambia nianze uji mwezi wa 4. Bibi hadanganyi. Hadi mwaka 2001 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa miezi 4 hadi 6. Ndipo ukawa miezi 6 kamili.

Ubishi mzito zaidi hufanyika kwa sauti ya chini: mama mwenye virusi vya UKIMWI anyonyeshe, asinyonyeshe? Hapo ushauri umegeuka kabisa, na sehemu ya historia hiyo ilitokea hapa jirani, Kigali. Mwaka 1991 watafiti walitoa matokeo yao. Walikuwa wamewafuatilia wanawake waliojifungua wakiwa hawana virusi. Baadhi yao waliambukizwa baadaye, wakiwa bado wananyonyesha, na watoto kadhaa wakaambukizwa pia. Basi haikuwa mimba na uzazi tu. Maziwa nayo yalikuwa njia.

Hofu ikaingia. Akina mama wengi wakaambiwa wasinyonyeshe, wakiweza kupata maziwa ya kopo. Wakiweza! Maana yake maji safi, kuni, pesa ya kopo linalofuata, na majirani wasioanza kuuliza mbona hunyonyeshi.

Mwaka 1999 habari nyingine ikatoka Durban, Afrika Kusini. Watoto walionyonya tu miezi 3 ya mwanzo, bila kuchanganyiwa chochote, waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa. Kile kijiko cha maji tunachompa mtoto kwa huruma, kumbe!

Kisha Botswana. Huko serikali iliwagawia akina mama wenye virusi maziwa ya kopo bure, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikanyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaenea. Watoto kwa mamia walikufa. Wengi mno wa waliolazwa hawakuwa wananyonya.

Mwaka 2010 ushauri ukabadilika kwa sababu ya dawa. Mama anayemeza dawa zake kila siku anaweza kunyonyesha: miezi 6 maziwa tu, kisha chakula kinaongezwa naye anaendelea. Mwaka 2016 muda ukarefushwa hadi miaka 2 au zaidi, mradi dawa haziachwi.

Kwa hiyo binti, siku yako ya kliniki ikifika, nenda na bibi, asikie mwenyewe. Baba akipata nafasi naye aje. Mkiwa hapo ulizeni pia kuhusu kupimwa tena wakati wa kunyonyesha. Wale wanawake wa Kigali, siku ya kujifungua, walikutwa hawana virusi.