Kirangozi, Nyampara na Kocha

Ukanda unaoanzia Shinyanga mjini, ukapitia Kahama na kuishia Geita karibu na Ziwa Victoria, umejulikana tangu zamani kwa watu wanaostahimili safari ndefu. Siku hizi baadhi yao hukimbia marathoni, hushindana kwa baiskeli au hupanda Kilimanjaro, na wengi wao hawalipwi kwa michezo: ni walimu, wauguzi, madereva, wachimbaji na makarani. Kwa nini mmoja wao akipata kocha wa kumfuatilia yeye binafsi hufika mahali ambapo jasho lake la peke yake halikumfikisha? Jibu halieleweki vizuri bila kurudi nyuma, hadi wakati ambapo nguvu za miguu zilikuwa biashara.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitakiwa sana pwani na ng'ambo, na kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo katika sehemu kubwa ya njia, mzigo ulibebwa na binadamu. Wanyamwezi na Wasukuma walijiunga na misafara kwa wingi, hasa kiangazi, shamba lilipokuwa limepumzika. Kila mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na yeye ndiye aliyepanga mwendo. Waliondoka kabla ya jua kuchomoza na kupiga kambi lilipokuwa kali, na kwa utaratibu huo mamia ya watu walifika pwani. Lakini mwendo ulikuwa wa kundi. Aliyeugua au kuishiwa nguvu aliachwa njiani, kwa sababu msafara mzima haukuweza kusimama kwa ajili ya mguu wa mtu mmoja.

Ukoloni ulibadilisha kazi bila kubadilisha mtazamo huo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na upagazi ukapungua. Miaka ya 1930 dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa mitambo, na mwaka 1940 John Williamson alipata almasi Mwadui. Katika kazi za namna hiyo nyampara aligawa kazi kwa idadi ya vichwa, naye alihesabu waliofika na waliomaliza. Wakati huohuo fedha za pamba ziliwapa wakulima wa Usukuma uwezo wa kununua baiskeli, na baiskeli ikawa chombo cha kubebea gunia, mgonjwa na bibi harusi. Naamini hapo ndipo ustahimilivu wa eneo hili ulipopata sura yake ya leo. Mtu aliyezoea kupiga pedali akiwa na gunia nyuma, juu ya barabara ya vumbi, alijenga moyo na mapafu ambayo vijana wa miji mingi hawakuwa nayo, ingawa hakuna aliyeiita kazi hiyo mazoezi.

Mbali na hapa, mambo mengine yalikuwa yakiendelea. Ujerumani, miaka ya 1930, kocha Woldemar Gerschler alishirikiana na daktari wa moyo Hans Reindell kuwakimbiza wanariadha kwa vipande vifupi huku wakipima mapigo ya moyo. Moyo ulipopanda hadi karibu mapigo 180 kwa dakika, mkimbiaji alipumzika mpaka ushuke hadi 120, ndipo akaanza tena. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilihamisha mamlaka: muda wa kupumzika haukuamuliwa tena na filimbi bali na mwili wa anayekimbia. Mwanafunzi wao, Rudolf Harbig, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939.

Hatua iliyowafikia watu wa kawaida ilitoka New Zealand. Arthur Lydiard alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na alianza kujifanyia majaribio mwenyewe baada ya kugundua kwamba pumzi zake zilikuwa duni. Aliongeza kilomita, akapunguza, akaandika matokeo, mpaka akaamini kwamba msingi wa ustahimilivu ni mwendo mrefu usiokata pumzi, na kwamba kasi huongezwa baadaye. Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 vijana wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walishinda dhahabu siku moja. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata. Mapema miaka ya 1960, mjini Auckland, kanuni zake zilianza kutumiwa na watu wa makamo, baadhi yao wakiwa wamepata shambulio la moyo, wakaambiwa wakimbie kwa mwendo unaomruhusu kila mmoja kuzungumza bila kuhema. Kundi lilikuwa moja, ila kila mtu alikuwa na mwendo wake. Bill Bowerman, kocha wa Marekani, aliliona hilo alipotembelea nchi hiyo na akalipeleka kwao Oregon.

Tanzania ya miaka hiyo ilikuwa na vipaji vikubwa na makocha wachache. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita kando ya Ziwa Victoria, alikwenda kusoma El Paso, Texas, akapata huko kocha, washindani na ratiba ya mwaka mzima. Mwaka 1980 yeye na Bayi walirudi kutoka Olimpiki ya Moscow kila mmoja na medali ya fedha, na baadaye Nyambui alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Wengine hueleza mafanikio hayo kwa kipaji na maisha ya nyanda za juu, na wengine kwa mafunzo ya nje. Sababu zote mbili zina uzito, lakini nyanda za juu hazikuhama, na medali hazikuendelea kuja kwa wingi uleule. Kilichopungua ni watu wa kuwafuatilia wakimbiaji kwa miaka.

Kwa mtu ambaye hakuwa bingwa hali ilikuwa ngumu zaidi. Alikutana na mafunzo shuleni, katika maandalizi ya mashindano ya shule ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Mwalimu mmoja alikuwa na filimbi moja na vijana hamsini, wote wakizunguka uwanja mara zilezile. Wenye nguvu walichaguliwa, na dhaifu waliambiwa wakae. Akishamaliza shule, mtu huyo hakupata mwalimu tena.

Mabadiliko yalikuja kuanzia mwaka 2000, Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulipoanza uzalishaji, ukifuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2002 mgodi wa Geita ulianzisha Kili Challenge, ambamo watu hupanda Kilimanjaro kwa miguu au huuzunguka kwa baiskeli ili kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI. Mwaka 2003 zilianza mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, na mwaka 2009 Rock City Marathon jijini Mwanza. Sasa mtu wa kawaida alikuwa na tarehe ya kujiandalia, tena mtu anayeishi mita elfu moja na ushee juu ya usawa wa bahari alitakiwa kufika kilele cha mita 5,895. Juhudi pekee hazitoshi kwa safari kama hiyo, na wengi walianza kutafuta mtu wa kuwaelekeza. Simu zilisaidia sana: kocha aliye Arusha au Mwanza aliweza kumfuatilia mtu wa Kahama kwa ujumbe wa WhatsApp.

Hapo sayansi inatuongezea nuru. Mwaka 1999 Claude Bouchard na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ulioitwa HERITAGE, ambamo watu 481 wasiozoea mazoezi walifanya programu iliyopangwa kwa namna moja kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka, lakini wengine walipanda sana na wengine hawakupanda karibu kabisa. Wengi walihitimisha kwamba kuna watu ambao mazoezi hayawasaidii. Mwaka 2017 David Montero na Carsten Lundby walijibu kwamba, katika utafiti wao wenyewe, waliokosa mabadiliko walibadilika walipoongezewa dozi. Hoja zao zinapingana kuhusu chanzo, lakini zinakubaliana katika jambo linalotuhusu: ratiba moja haimtoshi kila mtu, na lazima awepo anayetazama nani amebadilika na nani bado.

Tuchukue mfano wa opereta wa lori mgodini, ambaye wiki hii yuko zamu ya usiku na wiki ijayo ya mchana, na anataka kumaliza nusu marathoni. Ratiba aliyoipata mtandaoni inamtaka Jumanne akimbie kwa kasi. Jumanne hiyo ametoka zamu asubuhi, amelala kwa muda wa saa nne tu kwenye chumba chenye joto, na bado anakimbia kwa sababu imeandikwa. Kocha anayemjua humwagiza anunue daftari la shule na kuchora safu nne: saa alizolala, mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani, alichofanya, na jinsi alivyojisikia. Baada ya majuma machache kurasa zinaanza kusema. Mapigo yake ya kawaida ni 54. Asubuhi moja yamekuwa 66. Kocha anafuta mazoezi ya siku hiyo na kumwambia apime malaria kwanza. Siku ya kasi inahamishwa hadi baada ya siku mbili za usingizi kamili. Mwendo mrefu unaanza saa kumi na moja alfajiri, maana Shinyanga jua la saa nne halina huruma, na kabla ya kutoka anakula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai badala ya kwenda na tumbo tupu.

Ukimwuliza kocha wa namna hiyo kosa kubwa la wanafunzi wake, atakwambia ni kukimbia siku nyepesi kwa nguvu mno. Mwili haujengeki wakati wa kuchoka bali wakati wa kupona, na asiyepona hubaki palepale au huumia. Watu wa ukanda huu wamelelewa kuheshimu kazi ngumu, na mara nyingi mchango wa kwanza wa kocha ni kuwapunguzia.

Wapo wanaosema kwamba wanaotafuta kocha ni wale waliokwisha kuamua, hivyo wangefanikiwa hata bila yeye. Wengine wanasema faida yote ni kuwa na mtu wa kumjibu: anayejua kwamba saa mbili usiku ataulizwa, hutoka nje hata mvua inaponyesha. Hoja ya kwanza ina ukweli, ila haielezi kwa nini watu haohao, wakiwa na bidii ileile, walikuwa wakiumia kabla. Ya pili ina nguvu zaidi, lakini kama ingekuwa yote, klabu ya jogging ya kila Jumamosi ingetosha. Kwa maoni yangu uzito uko katika kurekebisha. Ratiba nzuri inapatikana bure. Mtu wa kuibadilisha Jumatano kwa sababu ya kilichotokea Jumanne hapatikani bure.

Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Amanal Petros wa Ujerumani, na mshindi akaamuliwa kwa picha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu alijengwa Arusha, ambako wakimbiaji na makocha wamekusanyika kwa miongo kadhaa. Shinyanga na Geita bado wanategemea walimu wa michezo, wanajeshi waliowahi kukimbia na waendesha baiskeli wastaafu, ambao wengi hufanya kazi hiyo jioni baada ya kazi nyingine. Mmoja wao akiwa na saa ya mkononi, simu na madaftari ya wanafunzi wake anaweza kuwafuatilia watu wachache kwa makini. Wakizidi, analazimika kurudi kwenye filimbi.