Polio, Palm na Swali la Nani Anashika Seva

Bishano la programu huria na programu za kulipia likianza huku mitandaoni, watu hukimbilia Linux na Windows. Sawa, ni bishano tamu. Lakini sisi wa North Eastern tuna kesi yetu wenyewe, ya zamani kuliko simu uliyoshika sasa hivi, na haikuanza na kompyuta. Ilianza na mtoto wa miaka mitatu katika kambi ya Hagadera, Dadaab.

Oktoba 2006 ilithibitishwa kwamba huyo mtoto ana polio. Kenya haikuwa imepata kisa cha kirusi cha polio cha porini tangu 1984. Miaka 22, halafu kirusi kikavuka mpaka kutoka Somalia na kutua kwetu. Na mambo yalikuwa bado. Mwisho wa mwaka huo huo mvua ilinyesha vibaya, barabara zikakatika, na Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Garissa kabla ya kusambaa kwingine. Ikaua watu zaidi ya 150 nchini. Soko la mifugo la Garissa likafungwa, na kwa watu ambao ng'ombe na mbuzi ndio benki yao, hiyo ilikuwa kama kufungiwa akaunti.

Sasa jiweke mahali pa afisa wa afya wa wakati huo. Unataka kujua watoto wangapi wamechanjwa Ifo, wangapi Dagahaley, wangapi vijijini nje ya kambi. Unachapisha fomu za karatasi, unatuma watu wazijaze, wanarudi na mabunda. Bunda linapanda gari kutoka Dadaab hadi Garissa mjini, karibu kilomita 100 za vumbi au matope kutegemea msimu, kisha Nairobi. Huko kuna mtu anakaa mbele ya kompyuta na kuingiza fomu moja moja. Ukipata majibu, mtoto aliyerukwa na chanjo ameshahama na familia yake.

Hapo ndipo Palm inaingia. Kama hujawahi kuiona, fikiria kitu kinachofanana na simu lakini hakipigi simu. Unakigusa kwa kijiti, na ukitaka kuandika unachora herufi kwa mtindo wake maalum, ule mwandiko wako wa shule haukubali. Kilikuwa na mfumo endeshi wake, Palm OS, ambao katika miaka ya 90 mwishoni ulipendwa sana na mabosi wa Marekani. Kufikia 2006 ulikuwa unazeeka, na Kenya hii ukiuliza watu mia moja barabarani pengine hakuna hata mmoja angeujua.

Daktari mmoja Mmarekani, Joel Selanikio, aliyewahi kufuatilia magonjwa katika kituo cha CDC, alikuwa ameona tatizo la Palm katika kazi ya afya. Kifaa chenyewe kilikuwa poa. Shida ni kwamba kila ukitaka fomu mpya ilibidi umlipe mtaalamu wa kuandika programu, apande ndege, akutengenezee. Yeye na wenzake wakaanzisha shirika la DataDyne na kuandika EpiSurveyor: afisa wa afya anatengeneza maswali mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, anaunganisha Palm kwa waya, maswali yanaingia. Watu wanaenda uwanjani, wanarudi, wanaunganisha tena, data iko tayari. Hakuna wa kuingiza karatasi.

Programu ilikuwa ya bure na msimbo wake ulikuwa wazi. Yeyote angeweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Wakfu wa Umoja wa Mataifa na Wakfu wa Vodafone zikatoa pesa, Shirika la Afya Duniani likaingia, na Kenya na Zambia zikawa kati ya nchi za kwanza kuijaribu. Wizara yetu ya afya ikaitumia pia kufuatilia ule mlipuko wa polio katika kambi za mpakani na Somalia. Yaani kabla Nairobi haijaanza kujiita Silicon Savannah, kaskazini mashariki, ile sehemu mnayoijua kwa habari mbaya tu, ilikuwa sababu mojawapo ya serikali kukusanya data bila karatasi.

Sasa utamu wa hadithi. EpiSurveyor ilikuwa huria, lakini ilisimama juu ya Palm OS, ambayo haikuwa huria hata kidogo. Ilikuwa mali ya kampuni. Ni kama kujenga nyumba yako safi kwenye ploti ya mtu. Hati ya nyumba ni yako, lakini mwenye ploti akiamua kuuza, unahama.

Na aliuza. Mwaka 2009 Palm walileta mfumo mpya, webOS, na Palm OS ikaachwa. Mwaka uliofuata HP wakainunua kampuni kwa dola bilioni 1.2. Agosti 2011 HP wakasema hawatengenezi tena vifaa hivyo. Baadaye LG wakachukua webOS wakaiweka kwenye runinga. Kama kuna TV ya LG sebuleni kwenu, unatazama mpira kwa mjukuu wa Palm.

Je, uwazi wa msimbo uliiokoa EpiSurveyor? Hapa mashabiki wa programu huria huwa hawapendi jibu. Msimbo kuwa wazi haukuifanya ihame yenyewe. Waliohamisha ni wale wale walioiandika. Wakatoka Palm wakaenda kwenye simu za kawaida za Java, hizi tunazoita mulika mwizi, na data ikaanza kupita kwenye mtandao hadi seva yao. Selanikio alieleza mawazo yake waziwazi: alitaka iwe kama Hotmail. Hakuna anayeuliza msimbo wa Hotmail uko wapi. Unafungua akaunti, unafanya kazi, unaenda. Januari 2013 EpiSurveyor ikabadilishwa jina ikawa Magpi, huduma ya kibiashara: matumizi madogo bure, makubwa unalipa.

Mwaka huo huo, 2013, polio ilirudi Dadaab. Visa 14 nchini. Kirusi hakijali leseni.

Nisikilizeni kabla hamjaanza kumtukana huyo daktari kwenye maoni. Hoja yake ina uzito. Muuguzi wa Liboi hana haja ya kusoma msimbo. Ana haja ya fomu inayofanya kazi leo. Ukimwambia programu ni huria lakini lazima kwanza asimamishe seva yake, umempa ng'ombe na kumnyima kamba.

Lakini angalia upande wa pili. Karibu 2007, mashirika kadhaa yaliungana kuandika JavaROSA, injini huria ya fomu kwa zile simu za Java. Dimagi ya Boston ilikuwemo, na D-tree iliyokuwa ikifanya kazi Tanzania. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakaanza ODK kwa ajili ya Android. Kumbuka 2008 Android ndiyo ilikuwa mfumo wa watu wachache, simu moja tu sokoni, hakuna aliyejua kama itaishi. Wakaichukua JavaROSA wakaiweka ndani. Baadhi ya kazi zake za mwanzo kabisa zilikuwa hapa Kenya, na mradi wa AMPATH wa Eldoret, washauri wakipita nyumba kwa nyumba kupima HIV.

Simu za Java zikafa. JavaROSA haikufa, bado imo ndani ya ODK hadi leo. Kisha watu wa Harvard wakachukua ODK wakajenga KoBo, na ofisi ya misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa ikasaidia kuiweka kwenye seva iliyo tayari, bure kwa mashirika ya misaada. Kama umewahi kufanya kibarua cha kuhoji watu kaya kwa kaya huku kwetu, kuna uwezekano mkubwa simu uliyopewa ilikuwa na KoBo au ODK. Ile posho ya siku ilikuja kwa msimbo ulioandikwa kwa ajili ya mulika mwizi.

Kwa hivyo mimi niko wapi? Niko upande wa huria, lakini kwa sababu tofauti na ile ya T-shati. Programu ya kulipia ina maisha mamoja, ya kampuni yake. Ya huria inaweza kuzaa, na watoto wake wakaishi kwenye mashine ambayo mzazi hakuiona. Ila kuzaa kunahitaji mtu mwenye ujuzi na muda. Washington walikuwa naye, Harvard walikuwa naye. Garissa tulikuwa na watu wa kujaza fomu.

Na hilo halijaisha. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia DHIS2, mfumo huria kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, kwa taarifa za afya za nchi nzima. Takwimu za wajawazito na chanjo kutoka Garissa, Wajir na Mandera zinaingia humo. Kwa rekodi za wagonjwa kuna KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, nayo huria, na mizizi yake tena iko Eldoret. Kwenye karatasi tumeshinda bishano: nchi imechagua huria.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na mifumo ya data za afya iliyokuwa ikiendeshwa kwa pesa hizo ikatikisika mara moja. Msimbo haukuguswa. Hakuna aliyefuta leseni, kila mstari ulikuwa mtandaoni pale pale, unaupakua bure. Waliokosa mshahara ni watu wa kuuhudumia, na bili ya seva ilikuwa inalipwa mbali. Ile hadithi ya ploti imerudi, safari hii mwenye ploti ni mfadhili.

Afya iko chini ya kaunti tangu 2013. Kila mwaka bajeti inapita, na kila mwaka kuna kikao cha kutoa maoni ambacho vijana tunakiachia wazee. Cha mwaka ujao nitaenda na swali moja tu: kaunti imeajiri watu wangapi wanaoweza kuifungua hiyo mifumo ndani, waitengeneze ikiharibika, bila kupiga simu Nairobi? Mlio Wajir na Mandera, ulizeni huko kwenu, mniambie mmejibiwa nini.