Kamongo: Samaki wa Ziwa Victoria Anayeweza Kufa Maji

Uliambiwa samaki hawezi kufa maji? Hiyo ni stori ya jaba. Kamongo akinaswa na nyavu huko chini, ashindwe kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji kama tu wewe.

Jina lake la kisayansi ni Protopterus aethiopicus. Umbo ni la nyoka, mapezi yanakaa kamba, na anaweza kufika mita 2. Ako na mapafu mawili. Akishakuwa mkubwa, hewa yake karibu yote anaivuta juu ya maji, juu matamvua ni madogo na hayamtoshi. Ukoo wake uko duniani tangu karibu miaka milioni 400 iliyopita. Dinosaria walikuja wakaupata, wakaenda wakauacha.

Kinamasi kikikauka, hana presha. Anachimba tope, anajikunja, ute wa mwili wake unakauka na kumfunika kama gunia. Anaacha katundu kadogo ka kuvuta hewa. Anaweza kulala hivyo miezi mingi, mwili ukitumia misuli yake kama chakula, hadi mvua irudi.

Lakini ngoja usikie malezi yake. Mathe hutaga mayai kwa shimo katikati ya mafunjo, halafu anahepa. Anayebaki ni mbuyu. Analinda watoi wiki kadhaa, na ukisongea hapo anakuuma. Meno yenyewe huvunja konokono, sasa fikiria kidole chako. Watoi huanza maisha na matamvua ya nje, yametokeza kama vinyoya nyuma ya kichwa, kabla mapafu yashike kazi.

Hapo ndipo shida iko. Mbuyu haachi watoi, kwa hivyo mvuvi akijua keja yake, kumnasa ni rahisi. Akitolewa, watoi wanabaki bila mlinzi. Na mafunjo yakifyekwa ndio watu walime, hakuna pa kujenga keja ingine.

Si eti kamongo ni mnyonge. Ziwa Baringo hakuwa huko, aliletwa miaka ya 1970 na akazoea fiti. Uganda anaitwa mamba, na kwa Waganda wa ukoo wa Mamba, kumla ni mwiko.

Wewe kama ni msee wa kamongo wa kukaanga, ukiona kinamasi kikichomwa usipite tu. Hapo ndipo sahani yako ya kesho inalelewa. Na kati ya konokono anaokula, kuna wale wanaobeba bilhazia. Akiisha, nani atawamaliza?